Kanisa la Mt. Fransisko pale Ouro Preto: tenda, ushindani, na dhahabu iliyokata kazi ikiwa katikati

Mji wa Ouro Preto upo milimani, jimbo la Minas Gerais nchini Brazil, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Barabara zake ni za mawe, zinapanda na kushuka mpaka magoti yanalalamika, na kila ukiinua macho unaona kanisa. Ng'ambo ya bonde kanisa, juu ya kilima kanisa, nyuma ya soko kanisa, na mengi ni ya karne ileile ya 18. Watu wa pale hata wangeamua wote kusali Jumapili moja wasingeyajaza. Sasa hapo ndo penye kisa. Nachukua moja tu, la Mtakatifu Fransisko wa Assisi, nilipasue toka msingi mpaka dari, maana wengi wakilitaja wanaishia kusema Wareno walijua kujenga, wakati ukifuatilia vizuri unakuta serikali ya Ureno mchango wake mkubwa kwenye kanisa hili ulikua ni kukataza.

Mfalme kawachoka watawa

Tuanze na hela maana kila kitu pale kilianza na hela. Mwaka 1698 kundi la Antônio Dias, mmoja wa wale watafuta mali waliokua wanatoka upande wa São Paulo kuingia porini, lilifika maeneo ya mlima Itacolomi, ule wenye mita 1,772 unaoonekana toka mjini hadi leo, na mito ya pale ilikua na dhahabu kweli. Chembe zake zilikua na ganda jeusi, ndo maana baadaye mji ukaitwa Ouro Preto, yaani dhahabu nyeusi. Ilipofika 1711 vijiji vya wachimbaji vikaunganishwa kuwa mji rasmi, Vila Rica, watu wakamiminika toka Ureno, toka Bahia, toka kila kona, na waliokuja kwa kulazimishwa wakawa wengi kuliko wote: watumwa toka Angola, Kongo, na ile pwani ya Afrika Magharibi ambayo Wareno waliiita Mina. Hao wa Mina walitafutwa hasa kwa sababu iliaminika kazi ya dhahabu wanaijua toka kwao, yaani mtu anaibiwa yeye na ujuzi wake kwa pamoja.

Mfalme alikua anakula moja ya tano ya kila kilichochimbwa. Na popote penye kodi ya namna hiyo watu watatafuta njia ya kuipita tu. Wakubwa wa Lisbon wakawashuku sana watawa: wana majoho mapana, wanasafiri wanavotaka, nyumba zao hazipekuliwi ovyo. Mpaka leo Wabrazil wana msemo wa mtakatifu wa mti mwenye tumbo tupu, wanamaanisha mnafiki, na inasimuliwa ulitokana na sanamu zilizotobolewa ndani ili zipitishe dhahabu mbele ya askari. Iwe kweli iwe hadithi, amri ilitoka mwanzoni mwa karne hiyo, mashirika ya kitawa marufuku kuweka nyumba Minas. Padri wa parokia sawa, mtawa hapana.

Matokeo yake ni makubwa kuliko mfalme alivodhani. Nenda Salvador, nenda Olinda, nenda Rio, utakuta konventi kubwa za Wafransisko na Wabenedikto, zimejengwa na shirika, kwa hela ya shirika, na mara nyingi fundi mkuu ni bruda wa humohumo ndani. Minas hakuna kitu kama hicho. Kama mnataka kanisa zuri mnajenga wenyewe, walei. Na walei wakajenga, tena kwa fujo.

Walikua wamejipanga kwenye vyama, kila chama na mtakatifu wake, kiingilio chake, ada yake ya mwaka. Chama ndo kinakuuguza ukiumwa, ndo kinakuzika, na kuzikwa enzi hizo lilikua jambo la ndani ya kanisa kabisa, chini ya sakafu ya mbao, makaburi yana namba. Bila chama unafukiwa popote. Kwahiyo kila mtu alikua na chama chake, na vyama viligawanyika kwa rangi na kwa mfuko. Weusi walikua na Bikira Maria wa Rozari, machotara walikua na Mtakatifu Yosefu, na wazungu wenye nafasi, maofisa na wafanyabiashara wakubwa, walikua kwenye Utawa wa Tatu, yaani tawi la walei la shirika la kitawa, ama wa Fransisko ama wa Karmeli. Kuingia Utawa wa Tatu damu yako ilichunguzwa, babu mweusi asionekane, babu Myahudi asionekane.

Shikilia hapo hiyo habari ya damu, tutairudia.

1766

Vyama viwili vya wazungu, Fransisko na Karmeli, vilianza kujenga mwaka mmoja, 1766. Mimi hapo sioni bahati mbaya. Mji ulikua na pande mbili ambazo hazipendani, upande wa Antônio Dias na upande wa Pilar, watu wake mpaka walikua na majina ya kutaniana, jacuba huku, mocotó kule, na kila upande una parokia yake. Mt. Fransisko lipo upande wa Antônio Dias, Karmeli ipo upande wa Pilar, karibu tu, katikati kuna kiwanja kikuu cha mji. Ukisimamisha kanisa lako pale jirani yako analiona kila siku.

Utaratibu wenyewe ungeuelewa hata leo. Kamati ya chama inakaa, inapitisha ramani, inatangaza tenda, mafundi wanakuja na bei zao, mmoja anapewa. Kazi ya mawe ya Mt. Fransisko alipewa Domingos Moreira de Oliveira. Kazi ya mbao tenda nyingine, rangi tenda nyingine, kuchonga tenda nyingine. Malipo kwa vipimo vya dhahabu, na kila malipo yana risiti, ina sahihi, inaingia kwenye kitabu. Hii ndo sababu leo tunaweza kusema nani alilipwa kwa kazi gani mwaka gani, wakati makanisa mengi tu ya umri ule duniani hujui hata aliyeweka tofali la kwanza. Kamati za walei zinachosha, ila kwa utunzaji wa makaratasi nazivulia kofia.

Sasa kuna kitu watu wanakisahau: 1766 dhahabu ilikua ishaanza kukata. Toka 1751 serikali ilikua imeweka kiwango, jimbo zima litoe arroba 100 kwa mwaka, kama kilo 1,470 hivi, na pengo likitokea wananchi wote walipe kufidia. Miaka ya mwanzo kiwango kilifikiwa, kuanzia miaka ya 60 kikaanza kupungua na hakikurudi tena. Kwahiyo kamati ilianza ujenzi wa heshima kipindi mgodi unakohoa. Nenda kanisa la Pilar lililozinduliwa 1733, mji ukiwa umeshiba, ndani ni dhahabu juu ya dhahabu, watalii wanaambiwa kilo zaidi ya 400, huoni ukuta. Ukiingia Mt. Fransisko unakuta weupe, kuta zinapumua, dhahabu imewekwa pale inapohitajika tu. Wataalam wanaita hiyo Rokoko, hatua ya mwisho ya Baroko, ule mtindo wa Ulaya wa urembo mwingi, na ni kweli mitindo ilikua inabadilika hata Ulaya na vitabu vya michoro toka kule vilifika. Lakini mi nasema hali ya mfuko nayo ilichangia. Mwenye hela nyingi angeendelea kupaka.

Fundi asiyeruhusiwa kuwa mwanachama

Ramani ya kanisa wengi wanampa Antônio Francisco Lisboa, maarufu kama Aleijadinho, na kazi za kuchonga zilizo muhimu zina ushahidi wa malipo kwake. Baba yake Manuel Francisco Lisboa alikua Mreno, fundi mkuu, ndo aliyechora lile kanisa la Karmeli la washindani kabla hajafa 1767. Mama yake aliitwa Isabel, mwafrika, mtumwa wa huyohuyo baba. Mtoto aliachwa huru siku ya kubatizwa. Mwaka wa kuzaliwa unasomeka ama 1730 ama 1738, inategemea unaamini karatasi ipi.

Ile habari ya damu sasa. Huyu mtu kwa kanuni za Utawa wa Tatu hawezi kuwa mwanachama. Jina lake lipo kwenye chama cha machotara cha Mt. Yosefu. Lakini kamati ya wazungu, zaidi ya miaka 20, inamuita na kumuita tena. Mimbari 1771 na 1772. Dari ya sehemu ya altare kuu baada ya hapo. Mlango mkuu 1774 na 1775. Bomba la kunawia la sakristia mwishoni mwa miaka ya 70. Altare kuu yenyewe 1790 mpaka 1794. Wangekua na konventi yenye bruda mchongaji toka Ureno sidhani kama wangemtafuta. Amri ya mfalme ilifunga mlango kwa watawa, na dirisha ambalo halikufikiriwa na mtu likafunguka kwa mafundi wa mji, ambao wengi wao walikua machotara. Kamati inataka kumshinda jirani, na fundi bora mjini ni yule, basi damu ikawekwa pembeni mpaka siku ya uanachama.

Sifanyi kama vile walikua watu wema. Walinunua kazi, mtu mwenyewe hapana.

Mawe mawili

Tukija kwenye jengo lenyewe, siri yake ipo kwenye aina mbili za mawe. Kona, nguzo na fremu ni jiwe gumu la mlima Itacolomi, linavumilia uzito na mvua. Urembo ni jiwe la sabuni, laini, lina ulanga ndani yake, unalipitia kwa kisu, ukilishika lina utelezi fulani. Msomaji wa Kenya anajua, ni jamaa wa lile jiwe la Kisii wanalochonga Tabaka, vikombe na vifaru vya kuuzia watalii. Ureno mapambo ya hivi yangechongwa kwenye chokaa au granaiti, mawe yenye adabu zake. Hili linakuruhusu ufanye manyoya ya malaika, utepe uliojikunja, nyuzi za kamba ya Mfransisko, kwa mkono na patasi ndogo tu. Bei yake ni kwamba yeyote mwenye funguo mfukoni anaweza kulikwaruza pia, na miaka 250 ya mvua za mlimani haijaliacha salama.

Simama nje, mbele yake. Kanisa la kawaida la Kireno la miaka ile ni boksi: uso bapa, minara miwili ya pembe nne imekaa sambamba na uso. Hapa minara ni ya duara na imevutwa nyuma, kama imeambiwa isogee, halafu katikati nguzo mbili zinatoka mbele na kuubeba uso mzima kuja kwako. Kati ya mnara na nguzo ukuta unapinda ndani. Ukitembea toka kushoto kwenda kulia mstari hautulii hata hatua tatu, na saa kumi jioni jua likiwa la pembeni kivuli kinafanya nusu ya kazi.

Pale juu ya mlango ambapo wengine wangeweka dirisha la duara yeye kaziba, kaweka bamba la mchongo: Fransisko kapiga magoti mlimani La Verna, anapokea madonda matakatifu. Uamuzi huo unagharimu mwanga ndani, lakini umewapa watu walioko kiwanjani picha ya kusoma bila kuingia. Chini yake mlango wa jiwe la sabuni una ngao mbili, ya Wafransisko na ya ufalme wa Ureno, juu yake Bikira Maria kwenye medali, taji, malaika, na utepe unaopita kati ya vyote. Ngao ya mfalme imewekwa kwa heshima zote, kodi wanakwepa huku.

Ukiingia ndani jambo la mimbari litazame kwa makini. Kwa kawaida mimbari inabandikwa katikati ya ukuta wa pembeni, waumini wanageuza shingo. Hapa zimechomekwa kwenye tao lenyewe linalotenganisha waumini na altare, moja kila upande, jiwe tupu, kwahiyo mhubiri anaonekana moja kwa moja na tao linapata uzito. Upande mmoja kachonga Yesu anahubiri akiwa kwenye mashua, upande wa pili Yona anatupwa baharini. Mashua mbili, mmoja anasikilizwa na mwingine kakimbia kazi aliyotumwa. Kwa padri anayepanda kuhubiri, nadhani ujumbe ulifika.

Ile sehemu ya kunawia ya sakristia ina umbo la mtu wa Fransisko kafungwa kitambaa machoni, Imani isiyoona. Watalii wengi wanaipita haraka kwa sababu wameshachoka shingo. Wasifanye hivo.

Dari

Shingo zinachoshwa na Manuel da Costa Ataíde, mzaliwa wa Mariana, mji wa jirani, 1762. Alipewa kazi ya uchoraji 1801 na dari ya waumini ikamchukua mpaka 1812. Ni mbao, mbao zilizopangwa kwa upinde mwepesi, lakini ukisimama katikati unaona nguzo zinapanda, jengo la pili juu ya jengo, halafu paa limepasuka na mbingu imefunguka. Ukisogea pembeni ujanja unaonekana, nguzo zinaanguka. Pembezoni wamekaa walimu wanne wa Kanisa, Ambrosi, Gregori, Augustino na Jeromu, katikati Bikira Maria juu ya mawingu kazungukwa na malaika wanamuziki, bendi nzima, na Mfalme Daudi yupo na kinubi chake.

Na Maria ni chotara. Ngozi yake, midomo, nywele za malaika wanaomzunguka, hao ni watoto wa mtaani Minas, sio wa Roma. Inasimuliwa kwamba sura ni ya Maria do Carmo Raimunda da Silva, mwanamke aliyeishi na Ataíde na kumzalia watoto bila ndoa. Hiyo ya sura ni mapokeo, haina risiti. Lakini rangi haihitaji risiti, ipo pale juu. Chama kinachochunguza babu wa mtu kilikaa miaka yote hiyo chini ya Mama wa Mungu ambaye kwa kanuni zao asingeingizwa kwenye kitabu cha wanachama. Sijaona popote kwamba kamati iligoma kumlipa.

Kuna jambo dogo nalipenda kuliko hata dari. Kanisa la Karmeli la jirani lina vigae vya bluu na vyeupe vilivyotoka Ureno, vya kweli, na ndo kanisa pekee Minas lenye vigae hivo. Kuvitoa Lisbon mpaka bandarini Rio sawa, ila kutoka pwani mpaka milimani kwa migongo ya nyumbu ni habari nyingine, vinavunjika na gharama inapaa. Sasa Mt. Fransisko wafanye nini? Wakamwambia Ataíde avichore. Pembeni mwa altare kuu, chini ukutani, kuna paneli za mbao zenye visa vya Abrahamu kwa rangi ya bluu juu ya nyeupe, kaiga kila kitu mpaka fremu za mapindo, visa vyenyewe kavitoa kwenye michoro ya Biblia iliyochapwa Ulaya. Kwa mbali unaapa ni vigae. Sogea uone nyuzi za mbao. Jirani ana kitu halisi, wewe huna hela, basi unamtafuta fundi ambaye feki yake itazungumziwa kuliko halisi ya jirani, na ndivyo ilivyokua.

Mikono mingine

Kuanzia kama 1777 Antônio Francisco alianza kuumwa ugonjwa uliomla vidole vya mikono na miguu. Ukoma, kaswende na mengine yametajwa na madaktari wa baadaye, hakuna aliyeshinda huo mjadala. Alichonga akiwa kafungiwa nyundo na patasi mikononi. Habari nyingi za hivi zinatoka kwa Rodrigo Bretas, aliyeandika maisha yake 1858, miaka 44 baada ya marehemu kufariki, akimtegemea sana mke wa mtoto wake aliyemuuguza. Wanahistoria wengine wanaona Bretas alikoleza chumvi, na mi naona ilikolezwa pia, lakini risiti zinaonyesha mtu yule aliendelea kufanya kazi kubwa mpaka uzeeni, wale manabii 12 wa jiwe la sabuni kule Congonhas walichongwa kati ya 1800 na 1805.

Nani aliyemfunga hizo nyundo? Bretas anawataja watatu: Maurício, Agostinho na Januário. Watumwa wake. Ndio, mtoto wa Isabel alimiliki watumwa, na kwenye jamii ile ilikua kawaida kwa fundi aliyefanikiwa. Maurício ndo alikua mkono wake, anamfunga vifaa na kuchonga naye, na inasemwa mapato walikua wanagawana. Agostinho naye alichonga. Januário ndo aliyekua akiongoza punda wa bosi, na Bretas anasema aliponunuliwa alijaribu kujiua kwa wembe. Ukisoma "Aleijadinho alichonga" kwenye kibao chochote cha Minas, jua ndani ya hilo neno moja kuna karakana nzima. Na waliopasua mawe mlimani wakayashusha mpaka kiwanjani hata Bretas hana majina yao, vitabu vya chama vinaandika mkandarasi tu.

Mkitaka kuona walichojenga hao kwa ajili yao wenyewe shukeni upande wa Pilar, kanisa la Rozari la weusi. Uso wake umevimba mbele mviringo na minara ya duara, na ndani ukumbi ni yai, hakuna ukuta ulionyooka. Ndani maskini, altare zake za kawaida kabisa. Ila kwa ramani, kama tunapima ujasiri, chama cha watumwa na walioachwa huru kiliwaacha wazungu wa mji ule nyuma, na hilo la Mt. Fransisko na minara yake ya duara lina deni kwa mtindo huo kuliko linavopewa.

Jirani aliyepelekwa Msumbiji

Hatua chache toka kanisani kuna nyumba aliyokaa Tomás Antônio Gonzaga, jaji wa mji na mshairi. Serikali ilipotishia kukusanya deni la dhahabu kwa nguvu, watu wazito wa Vila Rica walikula njama ya kujitoa Ureno, 1789 wakauzwa na mwenzao, mmoja wao, ofisa mdogo wa jeshi aliyeitwa Tiradentes, akanyongwa Rio tarehe 21 Aprili 1792 na kichwa chake kikaletwa kutundikwa kwenye kiwanja kikuu cha mji. Gonzaga akapelekwa uhamishoni upande wetu huku, Kisiwa cha Msumbiji, ambacho kabla ya Wareno kilikua bandari ya Waswahili. Hakuteseka sana. Alioa Juliana de Sousa Mascarenhas, binti wa familia yenye utajiri wa biashara ya watumwa, akapata kazi serikalini, akafia hukohuko 1810. Wakati huo Ataíde bado yupo juu ya jukwaa anapaka malaika. Jaji aliyeshiriki njama akapata mke tajiri kisiwani, ofisa mdogo akapata kamba, ndo haki ya ufalme ilivokua.

Umaskini uliolinda

Antônio Francisco alifariki 18 Novemba 1814, kazikwa parokia ya Antônio Dias, kanisa alilochora baba yake. Altare za pembeni za Mt. Fransisko zilikua hata hazijawekwa, zimekuja kukamilishwa karne ya 19 taratibu, hela ikipatikana. 1823 mji ukapewa jina la Ouro Preto, ukaendelea kuwa makao makuu ya jimbo, lakini 1897 serikali ikahamia Belo Horizonte, mji mpya uliopangwa kwa rula. Nusu ya maisha ikaondoka nayo. Hakuna aliyekua na hela ya kubomoa ajenge jipya, kwahiyo hakubomoa mtu.

Mwaka 1924 kundi la wasanii wa São Paulo, Mário de Andrade, Oswald de Andrade, Tarsila do Amaral, na Mfaransa mwandishi Blaise Cendrars, walipanda huko kipindi cha Juma Kuu, wakarudi wanasema Brazil yenyewe ndo ile. Kabla ya hapo wasomi wengi waliiona Baroko ya Minas kama ushamba. 1933 mji ukatangazwa mnara wa taifa, 1980 Unesco wakauweka kwenye urithi wa dunia, wa kwanza kwa Brazil. Leo mbele ya kanisa, Largo de Coimbra, kuna soko la vitu vya jiwe la sabuni, masufuria, sanamu, bodi za chesi, patasi zinagonga mita chache toka mlango wa 1774. Tishio la sasa ni udongo: Januari 2022 kilima cha Morro da Forca kiliporomoka na mvua kikaondoka na jumba la kale zima, watu walishahamishwa kwa bahati. Migodi ya zamani ilitoboa vilima vile pande zote, na miti iliishia kwenye tanuru.

Namalizia na mji ule mpya maana una jaribio la hoja yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 meya wa Belo Horizonte, Juscelino Kubitschek, alimpa msanifu majengo Oscar Niemeyer kazi ya kanisa pembeni ya ziwa la Pampulha. Mtakatifu ni huyohuyo, Fransisko wa Assisi. Mistari inapinda, zege limekua mawimbi, na nyuma mchoraji Portinari kachora maisha ya Fransisko kwenye vigae vya bluu na vyeupe, safari hii vya kweli. Hapa hakukua na kamati ya walei yenye kitabu cha risiti na jirani wa kumshinda. Mwenye neno la mwisho alikua askofu mkuu, na alikataa kulibariki. Lilikaa hivohivo mpaka 1959.